Bibi Yake Steven

Siku Consolatha alipoitwa mama mbaya mbele ya soko zima la Wete, alikuwa ameshika fungu la dagaa mkono mmoja na mkungu wa ndizi mkono wa pili.

"Mama Steven!" aliita Bi Mgeni, muuza samaki, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza viazi. "Hivyo hata leo hujenda kumchukua mwanao? Roho gani hiyo, yakhe?"

Watu wakacheka. Consolatha naye alicheka, kwa sababu Steven hakuwa mtoto wa mtu. Alikuwa mtoto wa kwenye mchezo wa redio, na Mama Steven, mtumishi wa nyumbani aliyetoka bara, alikuwa yeye Consolatha kila Alhamisi jioni, ndani ya chumba cha redio ya jamii kilichopo juu ya duka la mabati. Zamani mjini hapo walimwita Mama Derick, kwa jina la mwanawe mdogo aliyeanza chekechea juzi juzi. Mchezo ulipopamba moto, Derick alisahauliwa.

"Nitakwenda, Bi Mgeni. Natafuta nauli."

"Nauli! Mwenzio Bi Zuwena naye kaacha mwana, lakini kaacha kwa heshima zake. Wewe wako umemtupa kama ganda la muhogo. Mtoto hatupwi, bibi we."

Hapo kicheko kikamkauka Consolatha. Alilipa, akaondoka bila kuaga, na njia nzima alijisemesha mwenyewe kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukitafuta asikione.

Mchezo huo ulitungwa na Mwalim Mjaka, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu, na ulihusu nyumba moja ya kitajiri. Binti wa nyumba hiyo, Bi Zuwena, mwenye damu ya Kimanga, yaani ya Kiarabu, alikwenda Maskati na mumewe kufanya biashara, akamwacha mwanawe kwa bibi yake. Ndani ya nyumba hiyo hiyo alifua na kupika Mama Steven, ambaye naye alimwacha mwanawe bara. Kila Bi Zuwena alipopiga simu, msimuliaji aliwaeleza wasikilizaji weupe wake, nywele zake za singa na udi uliofukizwa nyumbani kwao. Kila Mama Steven alipoingia, waliambiwa weusi wake na magaga ya miguu yake. Redioni hakuna anayeona mtu, lakini kisiwa kizima kilikwisha kuwaona wanawake hao wawili, na hukumu ilikwisha kupita. Simu zilizopigwa baada ya kipindi zilisema neno moja: Bi Zuwena anahangaikia maisha ya mwanawe, Mama Steven kamtelekeza wake.

Jambo ambalo mjini hapo hawakulijua ni kwamba Consolatha alikuwa na mtoto mwingine. Derick alikuwa wa pili. Wa kwanza, Modester, alikuwa Kamachumu, mkoa wa Kagera, kwa bibi yake. Mumewe Consolatha, Hilari, ofisa wa misitu, alipohamishiwa Pemba, mama yake Consolatha alikuwa ametoka kuzika mume. Alimshika binti yake mkono akamwambia, "Hawa wote ukiwachukua, nyumba hii itanisemesha nani? Niachie mmoja." Wakamwachia Modester. Hapo Wete hakuna aliyeuliza, na Consolatha hakusema. Mara ya kwanza ilikuwa kutosema tu. Baada ya mchezo kuanza, ikawa kuficha.

Na Modester alikuwa msikilizaji. Hilari alirekodi kila kipindi kwa simu, akakituma kwa jirani wa mama mkwe mwenye simu kubwa, na mtoto akenda kusikiliza huko, si kwa ajili ya hadithi bali kwa ajili ya sauti. Jumapili moja alimwambia mama yake, "Mama, huyo Steven ni kama mimi."

"Kama wewe vipi?"

"Si yuko kwa bibi?"

* * *

Maandishi ya kipindi cha mwisho waligaiwa Ijumaa. Consolatha aliyasoma akiwa amesimama, na alipofika chini ya ukurasa hakuketi.

"Hii siisemi," alisema.

"Ipi?" aliuliza Haidar, kijana mtangazaji ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kipindi.

Consolatha akaweka kidole. Steven alikuwa amekufa maji ziwani, na Mama Steven, akifua nguo za watu, analetewa habari, analia: Mkosa ni mimi. Mama asiyelea si mama. Ukurasa uliofuata Bi Zuwena alirudi kutoka Maskati na masanduku, na mwanawe akamkimbilia.

Mwalim Mjaka alivua miwani. "Kuna ubaya gani? Lugha haikunyooka?"

"Lugha imenyooka, Mwalim. Aliyepindishwa ni Mama Steven."

"Hadithi ina adabu zake, mwanangu. Aliyekosa hulipa, msikilizaji akapata funzo."

"Kakosa nini?"

"Kamwacha mwana."

"Na Bi Zuwena?"

"Bi Zuwena kamwacha kwa bibi yake! Na bibi mwenyewe tunamjua. Humsikii Bi Mwatum kwenye nafasi yake kila wiki, anavyomkorogea mtoto uji, anavyomsomea dua akiumwa?"

"Na Steven nimemwacha kwa nani?"

Mwalim Mjaka aliipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Huko," alisema. "Huko bara."

"Bara ni kubwa, Mwalim. Nimemwacha kwa mama yangu. Umeandika mwenyewe kipindi cha kwanza, mstari mmoja, halafu bibi huyo hukumrudia tena."

Haidar aliingilia kati. "Dada Consolatha, sikiliza. Watu wanataka mwanamke huyu aadhibiwe. Mzee wa Msuka yule anayepiga kila wiki kasema asipoadhibiwa, yeye na redio yetu basi. Mimi nifanye nini? Ikiwa hutaki, Ruweida atasema sauti zote mbili."

Ruweida, fundi cherehani aliyeigiza Bi Zuwena, alitupa mkono. "Mie? Mie n'shazoea utajiri. Siwezi tena kushuka nikafue."

Wakacheka, hata Consolatha kidogo. Haidar hakucheka. "Basi nitatafuta mwingine. Watu wa bara si haba hapa mjini."

Neno hilo alilisema bila ubaya, kama mtu anayesema mchele si haba dukani, na ndiyo maana liliuma.

"Tafuta," Consolatha alimjibu. "Lakini mpaka Alhamisi nafasi ni yangu, na Alhamisi nitakuja."

Nyumbani, Hilari alimsikiliza huku akimvua Derick viatu. "Conso, ni mchezo. Mtu anakufa Alhamisi, Ijumaa tunakunywa naye chai."

"Modester anasikiliza."

Hilari alibaki na kiatu mkononi. "Basi kipindi hicho tusimtumie."

"Atauliza kiko wapi. Nimwambie nini, kwamba mama yake kasema kwa mdomo wake kuwa yeye si mama, kwa hiyo tumekificha?"

"Acha kazi hiyo, basi. Haituletei hata sukari."

"Nikiacha, ataisema mwingine kwa sauti ya kibara kama yangu, na Bi Mgeni atazidi kuamini. Siachi, Hilari. Wala siisemi."

* * *

Jumamosi alipanda gari ya Kiuyu kwenda kwa Bi Mwatum, aliyeigiza bibi wa nyumba ya kitajiri. Ulikuwa msimu wa karafuu, na alipopiga hodi alikuta ukumbi umetandikwa jamvi, karafuu mbichi zimerundikwa katikati, na wanawake wamezizunguka wakichambua. Bi Mwatum alikuwa hapo na wajukuu wake, na kando yake, miguu imenyooshwa, ameketi Bi Mgeni wa sokoni, ambaye alikuwa mtoto wa ndugu yake na kila msimu alikuja kusaidia.

"Ee! Mama Steven!" alisema Bi Mgeni. "Umekuja kutuachia na Derick naye?"

"Shikamoo, Bi Mwatum. Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwatum. "Kaa. Mgeni, usimchokoze mtu hajanywa hata maji."

Consolatha akaketi, akachukua kichala, akakisokota kwenye kiganja kama alivyoona wenzake wanafanya. Karafuu zikadondoka upande, makonyo yakabaki mkononi. Alichambua, na harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamlenga. Kisha akamtazama msichana aliyekuwa akichambua mbele yake.

"Huyu wa nani, Bi Mwatum?"

"Huyu wa binti yangu Mwanapili. Mamake yuko Unguja, kaolewa."

"Na hawa wawili?"

"Wa Jaribu, mwanangu wa kiume. Mama yao anafanya kazi Maskati."

"Na yule aliyebeba pakacha?"

Bi Mgeni akajibu mwenyewe, kwa fahari. "Yule wangu mimi, kifungua mimba wangu. Nimempa shangazi hapa tokea kaacha ziwa. Kwetu siye mtoto wa kwanza ni wa bibi, hata akiwa bibi wa kupakana, wa ushangazi kama hivi. Ndiyo mila. Bibi hakai peke yake na ukuta."

"Basi Mama Steven kakosa nini?"

Mikono ikapunguza kasi. Mwanamke mmoja akaguna. Bi Mgeni alitazama karafuu kiganjani mwake kama anayezikagua.

"Yule mbali," alisema.

"Mbali vipi?"

"Mbali tu. Hawa wetu tunawajua, wanalala wapi, wanakula nini. Yule Steven nani anajua yuko na nani? Na wale watu wa huko…" Akanyamaza, kwa maana aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu wa huko.

"Maliza, Bi Mgeni."

"Astaghfirullah, sina la kumaliza."

Consolatha akaweka kichala chini. Sauti haikutetemeka. Mazoezi ya redio yalikuwa na faida yake. "Mimi nina mtoto wa kike anaitwa Modester. Ni kifungua mimba wangu. Yuko Kamachumu kwa mama yangu, na mama yangu ndiye aliyemwomba. Hapa hamkuwahi kumjua kwa sababu sikuwaambia, na sikuwaambia kwa kuogopa hivi mnavyonitazama sasa."

Bi Mwatum alijipangusa mikono kwa upindo wa kanga.

"Huyo mamako ana simu?"

"Anayo ndogo."

"Mpigie."

Simu iliita kwa muda, kisha sauti ya kizee ikaitika. Consolatha alieleza kwa Kihaya ni nani anataka kuzungumza, akaweka sauti kubwa, akampa Bi Mwatum.

"Bibi wa Modester!" alipaza Bi Mwatum, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Mie Mwatum, wa Kiuyu, Pemba. Hujambo, mwenzangu?"

"Sijambo, dada. Ninaitwa Domitila."

"Mjukuu anakula?"

"Anakula akipenda! Nikimpikia ndizi, anataka wali. Nikimpikia wali, kashiba."

"Wote hao kitu kimoja! Wangu huyu mdogo hataki samaki mpaka nimtoe miba yote. Usiku analala?"

"Ananipiga mateke, dada. Mbavu zinaniuma mpaka asubuhi."

Bi Mwatum alicheka mpaka akashika kiuno. "Mfunge kwenye shuka! Na anasali?"

"Kila Jumapili kanisani."

"Almuradi anasali." Wakaendelea hivyo, kikohozi na dawa yake, nywele na ubishi wake, msimu wa senene ambao Modester huusubiri kwa hamu.

"Senene nini?"

"Ni kama panzi, dada. Tunakaanga."

"Panzi!" Bi Mwatum aliutazama ukumbi mzima. "Wanakula panzi, jamani!"

"Na nyinyi nasikia mnakula pweza," ilisema simu. "Yule mwenye mikono mingi."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Bi Mgeni naye alicheka, akajifuta machozi. Baadaye, Consolatha alipokuwa akivaa viatu mlangoni, alimfuata.

"Mamako anasema vizuri," alisema. "Mbona hatumsikii redioni?"

Consolatha alisimama na kiatu kimoja. Siku zote hizo alikuwa akitafuta namna ya kulifuta neno ovu kwenye ukurasa. Hakuwahi kufikiri kwamba ubaya wenyewe ulikuwa kwenye kurasa ambazo hazikuandikwa. Mtoto wa Bi Zuwena alikuwa na nyumba, paka, uji na bibi wa kumsomea dua. Steven alikuwa na jina tu. Mtu asiye na bibi wala sufuria, ni rahisi kumzamisha ziwani.

* * *

Jumatatu alimkuta Mwalim Mjaka barazani kwake, akamweleza alichotaka: Steven asife, na katika kipindi cha mwisho tuisikie nyumba anamolelewa.

Mwalim Mjaka aliguna kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyezoea kusahihisha, si kusahihishwa. "Mwanangu, mimi bara nimefika Tanga basi. Nyumba ya huko siijui. Sijui bibi wa huko anaamkaje, anapika nini, anamkemeaje mtoto. Niandike uongo?"

"Hujui mtoto wa huko anaamkaje, Mwalim, lakini ulijua anakufaje."

Mzee alimtazama. Uso ulimbadilika, na Consolatha alidhani atafukuzwa. Badala yake Mwalim Mjaka aliita mkewe alete chai vikombe viwili, akavaa miwani.

"Haya. Asubuhi. Anaanza na nini?"

"Anaanza na kumenya ndizi," Consolatha alisema, na mpaka adhana ya magharibi alikuwa bado anasema.

Haidar alipoona maandishi mapya Jumanne aliyashika kwa ncha za vidole. "Na bibi huyu wa bara ataigizwa na nani? Alhamisi ni kesho kutwa."

"Mie," alisema Bi Mwatum, aliyekuja na Consolatha kwa makusudi.

"Bi Mwatum, wewe si bibi wa nyumba ya tajiri? Na Kibara utakisema vipi?"

"Sitasema Kibara. Nitasema kibibi."

"Watu watachanganyikiwa."

"Waache," alisema Consolatha. "Wamekuwa na yakini kupita kiasi."

Haidar alitaka kukataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Kipindi kilikuwa chake. Lakini Mwalim Mjaka alisema kwamba kama maandishi haya hayasomwi, ya zamani ameyachana, na Ruweida alisema yeye bila Mama Steven harudi kutoka Maskati ng'o, abaki huko huko na masanduku yake. Haidar akainua mikono.

* * *

Alhamisi jioni, taa nyekundu ilipowaka, Bi Mwatum alianza kumenya. Alikuja na ndizi mbichi za kweli na kisu, na wasikilizaji walisikia maganda yakianguka ndani ya sinia. Alimkemea Steven kwa kukataa kuoga. Alimwambia alale upande wake na aache mateke. Mama Steven alipopiga simu kutoka nyumba ya watu, bibi alimwambia, "Mwanao mzima. Huyu mimi nilikuomba, hukunitupia. Fanya kazi yako."

Consolatha alishika maikrofoni. "Amekula, mama?"

"Amekula kidogo, kaacha nusu."

"Basi nipe niseme naye. Steven, ni mama. Maliza chakula cha bibi."

Hakulia. Mwalim Mjaka alikuwa ameandika kilio hapo, lakini Consolatha alikikata kwa kalamu yake mwenyewe kabla ya kuingia.

Simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Pujini. "Samahani, nimepotea kidogo. Yule bibi wa mwisho ni wa bara au wa hapa?"

"Wa bara," alisema Haidar.

"Ajabu. Nilidhani mama yangu." Akakata.

Wa pili alikuwa mzee wa Msuka, na Haidar alipoisikia sauti yake alifumba macho.

"Mmetuharibia hadithi," alisema mzee. "Mwanamke kaacha mwana, hakulipa kitu. Na wale watu wa huko kulea si mila yao, kila mtu anajua."

Haidar alinyoosha mkono kuikata simu. Consolatha aliuwahi, akauweka mkono wake juu ya kitufe.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi ndiye Mama Steven. Jina langu ni Consolatha. Mwanangu wa kwanza anaitwa Modester, analelewa Kamachumu na mama yangu, na hivi ninavyosema nataka anisikie. Nina mtoto wa pili, Derick, niko naye hapa Wete. Wote wawili ni wangu. Wewe, mzee wangu, ulilelewa na nani?"

Simu ilivuma. Kisu cha Bi Mwatum kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

"Na bibi yangu," alisema mzee. "Lakini bibi yangu mimi alikuwa mtu wa kujulikana."

"Na mama yangu?"

"Sijasema mamako si mtu."

"Hukusema. Ulitaka mjukuu wake afe, upate funzo."

"Mie kipindi hiki sikisikilizi tena," alisema mzee, na simu ikakatika.

Haidar alipumua kwa nguvu. "Huyo tumempoteza," alisema, akisahau kwamba taa nyekundu ilikuwa bado inawaka na Pemba nzima ilikuwa inasikia.

Mbele yake simu iliita tena. Consolatha alivuta kiti karibu na maikrofoni, akakaa sawasawa.

"Pokea," alisema. "Na huyo nitamjibu."